Zamu ya Kushika Klarineti

“Karatasi ya nne,” Suzana alisema. “Nimepewa tatu. Kwenye kasha wameandika nne.”

“Mama Pude, hiyo ya nne ni ya dukani. Mteja haimhusu.”

“Imeandikwa ‘nakala ya mteja’. Naiona hapo, chini ya kikokotoo chako.”

Naseeb alisogeza kikokotoo, kikaifunika karatasi vizuri zaidi. Duka lake lilikuwa nyuma ya soko la Mpanda. Aliuza redio, betri za sola, maikrofoni na, kwa oda, vyombo vya bendi za kanisa. Ubishi ulikuwa umeanza chai ikiwa ya moto, na sasa chai ilikuwa na utando juu. Watu wawili waliofuata chaja walisimama nyuma wakisubiri mshindi.

“Wateja wote huchukua risiti wakaondoka,” Naseeb alisema. “Wewe tu ndiye unakuja na miwani.”

“Mimi ni mtunza ghala. Mzigo wa karatasi nne unapokelewa na karatasi nne. Zikija tatu, kuna mtu anaficha kitu.”

“Nifiche nini mimi? Nimezaliwa hapa hapa Kashaulili!”

“Basi leta.”

Suzana alikuwa na diploma ya ugavi na miaka kumi na mmoja kwenye ghala la chama cha wakulima wa tumbaku. Hakuwa mtu wa kuondoka na pungufu. Pembeni yake alisimama binti yake Pudensiana, kidato cha tatu, amekumbatia kasha jeusi kama anayebeba mtoto wa mwenzake. Yotham, kiongozi wa bendi ya kanisa, alikuwa amemwambia kwamba anasoma nota vizuri kuliko yeye mwenyewe, lakini bendi haina klarineti, na asiye na chombo anakaa na waimbaji. Kwa hiyo mama yake aliagiza klarineti.

Naseeb akatoa karatasi ya nne kwa vidole viwili.

Suzana alizipanga juu ya kioo cha kaunta. Risiti. Kadi ya dhamana. Kijitabu cha matunzo. Cheti cha asili ya mti. Hicho cha mwisho alikisoma mara mbili. Mti: mpingo. Mkoa: Katavi. Kitalu namba 9. Gogo namba 212. Umekatwa tarehe 14 Agosti 2017. Mvunaji: Thadei. Chini kabisa, juu ya mhuri, paliandikwa kwamba hakuna mtu aliyedhurika katika uvunaji wa mti huu.

Alikikunja, akakitia kwenye mkoba, akamuaga Naseeb kwa heshima.

Mumewe Ndaki alikuwa kitalu namba 9 mwezi huo wa Agosti. Alikuwa mtoto wa wafugaji wa Kisukuma wa Kasekese, na alikwenda kumkatia Thadei mpingo kwa msimu mmoja. Mwisho wa mwezi Thadei mwenyewe alikuja nyumbani na kusema kwamba Ndaki amechukua malipo yake na kwenda Ikola, na kutoka Ikola amevuka ziwa na mwanamke mwanika dagaa. Alionyesha karatasi ya malipo yenye alama ya dole gumba. Ndaki alijua kuandika, na saini yake ilikuwa na mkia mrefu. Suzana alisema hivyo kwa Thadei, na Thadei alisema mapenzi hubadilisha mtu.

Watu waliamini kwa sababu ya dagaa. Jambo likishakuwa na dagaa ndani yake, si uongo tena. Kwa miaka saba Suzana aliitwa aliyeachwa. Mama mkwe wake, Bibi Nyanzala, hakunyoa nywele wala hakukaa matanga, kwa sababu huwezi kumlilia mtu aliyeko ng'ambo na mwanamke.

Kijitabu cha matunzo kilikuwa na kurasa kumi na mbili za Kiswahili kilichoandikwa na mtu mwenye haraka. Suzana alikisoma chote na kuubandika ukurasa wa tatu ukutani. Mti mpya, kilisema, haujazoea pumzi. Kwa wiki mbili za kwanza usipulizwe zaidi ya robo saa kwa siku, ukizidisha, utapasuka. Ukimaliza, futa ndani kwa kitambaa mpaka kitoke kikavu. Usiiache juani. Usiiweke karibu na moto. Usiiazimishe.

“Robo saa,” Suzana alimwambia binti yake. “Saa ya ukutani hiyo hapo. Ikipasuka sinunui nyingine.”

“Nimesikia, mama.”

“Na kufuta?”

“Mpaka kikauke.”

Siku tatu klarineti ilitoa sauti ya bata aliyebanwa na mlango, kama inavyokuwa kwa kila anayeanza. Jirani yao Mwanahija aliuliza mara moja tu kama kuna mtu anaumwa.

Siku ya nne Bibi Nyanzala alifika kutoka Kasekese na kibuyu cha maziwa na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Alimkuta mjukuu wake peke yake, anapuliza. Alisikiliza kidogo, kisha akanyoosha mkono.

“Lete. Hiki kipya?”

“Kipya, bibi.”

“Nani amekilainisha?”

“Kuna grisi yake humo kwenye kasha.”

Bibi aliinusa grisi, akaifunika. Nyumbani kwake chombo kipya, kiwe kibuyu au mti, hakitumiki kabla hakijapakwa samli na kufukizwa moshi. Vibuyu alivyovifanyia hivyo tangu utotoni havikuwa na idadi, na hakuona sababu ya kukitenga hiki kirefu chenye vyuma. Pude alimsomea ukurasa wa tatu. Bibi akasema aliyeandika hayo hajawahi kukamua ng'ombe. Aliifungua klarineti vipande vyake, akavipaka samli ndani na nje kwa unyoya wa kuku, akaviinamisha kimoja kimoja juu ya kijinga kilichotoa moshi mwembamba.

Suzana alirudi kazini akakuta nyumba nzima inanuka maziwa na moshi.

“Mama, kijitabu kimekataza moto.”

“Si moto. Ni moshi.”

Saa kumi na moja jioni Pude aliunga vipande, akapuliza. Klarineti ikasema kwa sauti ya Ndaki: “Nani ameniinua?”

Pude alitoa mdomo, sauti ikakatika.

“Endelea,” Suzana alisema akitazama saa. “Una dakika kumi na nne.”

Ndaki aliuliza kama ng'ombe mwenye baka jeupe alizaa. Suzana alisema alizaa mara mbili, na kwamba wote waliuzwa Pude alipoingia sekondari. Ndaki akasema sawa. Aliuliza anayepuliza ni nani, maana pumzi yake fupi. Aliambiwa ni binti yake. Akasema amekua.

“Uko wapi wewe?” Bibi Nyanzala aliuliza.

“Kitalu namba tisa, mayu,” Ndaki alimjibu mama yake. “Chini ya gogo.”

“Ikola hukwenda?”

“Ikola nikafanye nini? Hata samaki sipendi.”

“Hilo nililisema,” Bibi alimwambia Suzana. “Nililisema siku ile ile.”

Ndaki alieleza kwa kifupi, kama mtu anayejua muda hautoshi. Walikuwa wanapandisha gogo kwenye lori, saa nne asubuhi. Kamba ilikuwa imelika tangu Ijumaa na alikuwa ametoa taarifa. Thadei alisema kamba nyingine iko njiani na lori halisubiri kamba. Gogo liliteleza likamwangukia kifuani. Walilitoa, wakalipakia, wakamfunika matawi, na kabla ya saa sita lori lilikuwa limeondoka.

“Gogo walilichukua, uzito wakauacha,” alisema. “Uko kifuani mpaka leo. Mtoto akiinua hii, unapungua. Akiilaza, unarudi wote. Naomba mlisogeze.”

“Gogo namba ngapi?” Suzana aliuliza.

“Mia mbili na kumi na mbili. Niliipiga namba mwenyewe.”

Suzana alitoa cheti kwenye mkoba, akatazama, akakirudisha. Alielewa jambo lile kama anavyoelewa mzunguko wa bidhaa. Gogo lilikuwa limetoka Katavi, limekaushwa miaka, limechongwa, limesafishwa, limetiwa vyuma, na sasa limerudi Mpanda kwa mkono wa Naseeb.

Dakika ziliisha. Pude alifuta ndani mpaka kitambaa kikatoka kikavu. Kisha alibaki ameishika klarineti juu, hajui aiweke wapi.

“Usiiweke,” Bibi alisema. “Nipe.”

Hapo zamu zilianza. Mwanahija alikuja asubuhi kuomba chumvi, akaambiwa habari, akanawa mikono na kupokea klarineti. Mtaani kwao mtu akiwa na mgonjwa hospitali wanawake hupeana zamu za kumuuguza, na huyu alikuwa mgonjwa. Suzana alichora jedwali kwenye daftari: jina, saa ya kupokea, saa ya kukabidhi, saini. Chini aliandika masharti. Iwe juu ya bega. Mkono ukichoka, badili. Usiegemeze ukutani, kwa sababu Ndaki alisema ikiegemezwa anahisi, na haimsaidii. Usikae nayo juani.

Mwanahija aliishika huku akisikiliza taarifa ya habari. Mke wa fundi baiskeli aliishika huku anamnyonyesha mtoto. Suzana aliipeleka ghalani na kuhesabu marobota ya tumbaku kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa juu. Meneja alimwomba tu asigonge taa. Jioni Pude alipuliza robo saa yake, na Ndaki alishukuru walioshika siku hiyo kwa majina. Akasema pia mtoto afute vizuri zaidi, maji yanamfikia.

Siku moja mwanamke wa zamu ya alasiri alisinzia, klarineti ikalala mapajani mwake muda usiojulikana. Jioni ile Ndaki alitumia robo saa yake yote akikohoa. Tangu hapo hakuna aliyekaa akiwa zamu.

Baada ya siku tisa mkono wa Bibi Nyanzala ulivimba mpaka kwenye kiwiko, akaufunga kwa kanga na kuendelea na mwingine. Pude alisinzia darasani na kuandikiwa barua. Suzana akasema mgonjwa asiye na tarehe ya kupona anamaliza nyumba, hata awe mwema namna gani, na kwamba sasa wanaenda kulisogeza gogo kwa wanaohusika.

Alianza kwa muuzaji. Mzigo ukija na kasoro, unaanza kwa aliyekuuzia.

“Ina mtu ndani,” alimwambia Naseeb.

Naseeb aliishika juu kama alivyoelekezwa, akaisogeza puani. “Nimewahi kupata kinanda chenye panya. Mtu, bado. Dhamana inalipia vitufe, maungio na mpasuko. Mtu hayumo.”

“Hayumo kwenye yanayolipiwa. Na hayumo kwenye yaliyokatazwa. Nimesoma.”

“Umesoma ukurasa wa tisa? Chombo kikitiwa moshi, dhamana imekufa. Hii inanuka kibuyu mpaka stendi. Nani kakushauri?”

“Mama mkwe.”

“Basi sisemi kitu.”

“Sikuja kubadilishiwa. Andika hapa kwamba imetoka kwako, na cheti hiki, tarehe hii.”

Naseeb aliandika, kwa sababu aliona miwani inatoka mkobani. “Ila jina langu lisifike kwa Thadei,” alisema. “Mizigo yangu yote inapanda malori yake.”

“Limeshaandikwa hilo. Kwaheri.”

Ofisi inayoshughulikia mazao ya misitu iliwapangia Jumanne, saa tatu. Afisa aliitwa Egide, mtu wa makamo mwenye shati lililopigwa pasi, na alikuwa amemwita Thadei pia, kwa barua, kama utaratibu unavyotaka. Thadei alifika kabla yao. Alisimama Bibi Nyanzala alipoingia, akamwachia kiti chake.

“Mwangaluka, mayu,” alimsalimu kwa Kisukuma.

Bibi alikaa kwenye kiti. Salamu hakuitikia.

Egide alifungua faili jipya. “Mlalamikaji ni nani?”

“Ndaki,” Suzana alisema.

“Amefika?”

“Binti amemshika.”

Egide aliandika kwamba mlalamikaji amefika. “Kitambulisho?”

“Kilikuwa mfukoni mwake.”

“Na mfuko?”

“Uko naye. Chini ya gogo.”

Egide aliacha nafasi tupu, akatia alama ya kuulizia pembezoni. Kisha akasema ushahidi uanze. Suzana alitazama saa ya ofisi. Pude akapuliza.

“Habari za siku, Ndaki,” Thadei alisema.

“Nzuri, bosi.”

Bibi Nyanzala alitazama sakafu.

“Naomba gogo lisogezwe, bosi,” Ndaki alisema. “Naomba tangu asubuhi ile.”

“Nililisogeza, Ndaki. Lilipakiwa siku ile ile na likafika salama. Wateja waliandika kulisifu.”

“Sawa, bosi.”

Miaka saba chini ya gogo haikuwa imemwondolea adabu ya kazini. Alieleza tena habari ya kamba, ya lori na ya matawi, bila kupandisha sauti, na Egide aliandika yote kwa mwandiko mzuri. Alipomaliza, Egide alimgeukia Thadei.

“Haya anayosema ni kweli?”

“Ndaki hakuwa mwongo,” Thadei alisema. “Hata kazini nilimwamini. Lakini mimi nina cheti.”

Kilipitishwa mezani. Egide alisoma kwamba hakuna mtu aliyedhurika. Alitazama mhuri na kuutambua. Ulikuwa kwenye droo yake, upande wa kulia.

“Hivi viwili havikubaliani,” alisema. “Cheti na klarineti. Kimoja inabidi kikae pembeni.”

“Nendeni mkachimbe,” Suzana alisema. “Mtaona kipi kikae pembeni.”

“Pale imepita barabara ya malori, mama,” Thadei alisema kwa upole. “Tuliishindilia vizuri.”

“Kuchimba barabara kunataka kibali,” Egide alisema. “Kibali kinataka cheti cha kifo. Cheti cha kifo kinataka mwili.”

“Mwili uko chini ya barabara.”

“Ndiyo maana nasema kibali kinahitajika.”

Suzana hakubishana. Alikuwa ameshakutana na mzunguko wa namna hiyo kwenye mbolea ya ruzuku. Aliuliza njia zilizopo, na Egide, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimweleza zote mbili.

Ya kwanza: kama wanashikilia kwamba maneno ya klarineti ni kweli, basi cheti ni cha uongo, na zao la msitu lenye cheti cha uongo linakamatwa. Klarineti itakuwa kielelezo. Alionyesha rafu nyuma yake. Palikuwa na misumeno, mapanga, baiskeli mbili na magunia ya mkaa, kila kimoja na lebo iliyofungwa kwa uzi.

“Nani atakishika?” Suzana aliuliza.

“Vielelezo havishikwi, mama. Vinalazwa.”

“Kwa muda gani?”

“Mpaka shauri liitwe.”

Suzana alisogea akasoma lebo ya msumeno wa karibu. Ilikuwa ya mwaka 2009.

“Na shauri lake?”

“Bado halijaitwa.”

Njia ya pili: asaini fomu kwamba klarineti ina hitilafu ya sauti, na kwamba yanayotoka humo si maneno. Hapo cheti kinabaki cheti, na yeye anaondoka na mali yake.

“Na zamu?” Suzana aliuliza. Mkono wa Bibi Nyanzala ulikuwa mbele yake, mzito ndani ya kanga kama mtoto mchanga. “Tutashika mpaka lini?”

“Zamu haziko kwenye fomu,” Egide alisema.

Thadei alitoa kalamu yake mfukoni na kumpa. Ilikuwa kalamu nzuri. Suzana aliirudisha.

“Zimebaki dakika ngapi?” alimuuliza binti yake.

“Nne.”

“Puliza. Ndaki, nisikilize. Gogo unalolilalamikia ndilo hili mtoto alilolishika. Zaidi ya hapa halisogei, tumejaribu. Nikilichoma, uzito utaisha?”

Klarineti ilitoa pumzi tupu, ya kutosha mtu kufikiri.

“Lichome.”

“Hutasema tena. Na hawa hapa hawatakuwa na wa kuwasemea.”

“Nimeshasema, mama Pude. Wamesikia. Wameniitikia kabisa.”

Pude alitoa mdomo. Midomo yake ilikuwa imevimba. “Mama, siwezi kumchoma baba.”

“Humchomi baba. Unachoma gogo.”

“Nitabaki na nini?”

“Na mikono yako miwili. Zimebaki dakika tatu. Zitumie wewe, sisi hatuulizi kitu.”

Pude alizitumia. Ndaki hakuzungumzia tena gogo. Alimwambia binti yake avute pumzi kutoka tumboni, maana ya kifuani haifiki mbali. Alimwambia asiwe anakaza mabega. Alimuuliza anapenda somo gani, na kwa kuwa Pude hakuweza kupuliza na kujibu kwa wakati mmoja, alisema basi atakisia, akakisia jiografia, na Pude akatikisa kichwa kukubali ingawa lilikuwa fizikia. Saa ya ofisi ilifika. Pude alitoa kitambaa na kufuta ndani, mara tatu, mpaka kikatoka kikavu.

Suzana aliichukua klarineti na kuelekea mlangoni.

“Mama, kielelezo hakichomwi,” Egide alisema.

“Hukukiandika. Tazama fomu yako.”

Egide alitazama. Fomu ya kielelezo na fomu ya hitilafu zote zilikuwa tupu. Akakaa.

Nje ya geti mwanamke mmoja alikuwa anachoma mahindi. Suzana alimwomba jiko. Mwanamke aliona klarineti, akamwona Bibi Nyanzala anayekuja nyuma akijikokota, akasogeza mahindi yake pembeni bila kuuliza. Suzana aliifungua vipande. Mdomo wa klarineti ulikuwa wa plastiki. Aliutenga, usije kumharibia mtu mahindi kwa harufu. Vilivyobaki alivipanga juu ya makaa, vyuma vikiwa upande wa juu. Mpingo hauwaki upesi. Unataka makaa mekundu na mtu asiye na haraka. Pude alipewa kifuniko cha ndoo, akapepea.

Bibi Nyanzala aliketi chini kwenye vumbi, akafungua kilemba, akaomba wembe. Mchoma mahindi alikuwa nao, alioutumia kukatia mifuko. Bibi alianza kujinyoa mwenyewe kwa mkono usiovimba, na alipofika katikati ya kichwa alipiga ukelele ambao alikuwa ameuweka tangu mwaka 2017. Wapita njia walisimama. Wanaume walivua kofia. Mmoja aliuliza amekufa nani, akaambiwa Ndaki wa Kasekese. Aliuliza lini, akaambiwa tarehe kumi na nne Agosti, miaka saba iliyopita. Akasema poleni sana, na akakaa chini na wengine.

Thadei naye alitoka, akasimama mikono imefumbatwa mbele kwa muda unaostahili. Alimpa pole Bibi, akampa pole Suzana. Kisha alirudi ndani, kwa sababu alikuwa na vyeti vya kitalu namba 14 vilivyosubiri. Dirisha lilikuwa wazi. Egide aligonga mhuri mara moja kwa kila gogo, bila kuharakisha.

Kipande cha juu kilikuwa kimeshika na kugeuka chekundu tangu ndani. Cha chini kilikuwa kinasita. Suzana alikigeuza kwa kijiti, upande wa pili nao upate moto.